Mpira Umepita, Kidole Hakijafika

Mkonze, Dodoma
12 Oktoba 1997

Mpwa wangu Paulina,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na Mama Sila anakusalimu, na hata yule jogoo aliyekukimbiza mwaka juzi anakusalimu, bado yu hai na hasira zake hazijapungua. Sisi tu wazima. Mwanetu Sila ameandika kutoka kambini Tabora, anasema amepanda cheo, ila hakutaja ni cheo gani, kwa hiyo tunamshukuru Mungu kwa tahadhari. Jirani yetu Mzee Bartolomayo ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasali kwa filimbi. Mashamba tumeshayasafisha. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanakwenda zake.

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto. Barua nimeianza juzi. Uuvumilie.

Mzigo umefika. Yule Zaidi, dereva wa lori uliyempa, aliuleta mwenyewe mpaka mlangoni, wala hakukubali hata uji. Nilitegemea kukuta dawa. Nikakuta kidude cheupe, nyaya, vile vishikio viwili vyenye vitufe, na karatasi aliyochora mchumba wako Silvano ya namna ya kuunga kila kitu kwenye betri ya gari. Huyo kijana ni fundi kweli, maana mimi mtu wa mkono mmoja nimeunga na hakuna kilichoungua. TV yangu hii ya rangi mbili, niliyoinunua nilipopunguzwa kazini kule ushirika, tangu iingie humu ndani haijapata kuonyesha kitu ila chenga. Siku hiyo kwa mara ya kwanza ikaonyesha watu. Nilikaa nikawatazama nusu saa kabla sijagusa kitufe. Ahsante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie pale ulipopunguza kwa ajili yangu.

Nimesoma maagizo yako: kila siku, kitufe cha kulia, kwa kidole gumba cha kulia, mpaka kizoee kazi tena. Najua unachokiwaza. Marehemu dada yangu Debora, mama yako, alinishika mkono huu huu akaniambia siku Paulina atakapotoka nyumbani kwenda kwa mumewe, atoke kwa mlio wa ilimba yangu. Na wewe umemwambia Silvano hutoki bila ilimba hiyo. Sasa tangu kiharusi cha Mei kidole hiki kimekaa tu kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi. Na ilimba bila vidole gumba viwili ni ubao wenye vyuma, basi.

Lakini Paulina, muuzaji wa Kariakoo amekudanganya. Huu si mpira wa miguu. Mtu mmoja amesimama katikati anarusha kijipira, mimi nimesimama chini nimeshika gongo. Nilifurahi, nikasema huu naujua, ni ule mchezo wa Wahindi wa mjini, kriketi, nilikuwa nawaona Jumapili nikipita kwenye uwanja wao. Basi nikawa nalinda vijiti vilivyo nyuma yangu. Mpira usiokuja kwenye vijiti nikauacha upite kwa heshima. Nimetolewa kila mara, na hadi leo hivyo vijiti sijaviona. Uliza huko mjini huu ni mchezo gani na mtu anaupigaje.

Wako anayekushukuru hata anapotolewa,
Mjomba Obedi

---

Dar es Salaam
9 Novemba 1997

Mjomba, shikamoo. Mama Sila, shikamoo. Jogoo sina salamu naye.

Mimi sijambo. Hospitali kuna kazi nyingi, malaria imeingia na mvua, na mvua yenyewe Mjomba ni ya kutisha, mtaani kwetu watu wanavuka barabara kwa kubebana. Wanasema huko kwenu reli imesombwa na treni hazipiti, kwa hiyo sijui barua hii utaisoma lini. Silvano anakuamkia. Amefurahi sana kusikia hakuna kilichoungua, alikuwa na wasiwasi kuliko alivyonionyesha. Mama yake naye anakusalimu, na kila tukionana anauliza tarehe. Mimi namjibu tunangoja mvua ipungue.

Mchezo wako unaitwa besiboli. Hapa maabara tuna Mjapani mmoja wa kujitolea, mtu mpole, hasemi sana. Nilipomtajia hilo neno aliacha hadubini yake, akachukua mpini wa deki, akasimama kwenye ukumbi wa wagonjwa akaanza kunionyesha. Wagonjwa walisahau foleni. Amesema hivi: hakuna vijiti vya kulinda, usilinde kitu. Kazi yako ni kuupiga mpira uende mbali. Ukiukosa mara tatu unatoka. Ukiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, hapo hata aliyerusha anakuvulia kofia. Kile kimsalaba cha kushoto kwenye kishikio kinamsogeza mtu wako. Kitufe cha kulia kinazungusha gongo. Na akasisitiza sana kwamba mpira haukimbiliwi, unaachwa uje.

Basi kidole cha kulia, Mjomba. Robo saa asubuhi, robo saa jioni kabla ya chakula. Usikibembeleze na usikigombeze. Nataka kuandika habari za daktari lakini nafasi imekwisha, na aliyokwambia siku ya kutoka wodini yanatosha.

Nakushukuru kwa kuwa hukati tamaa. Nilipokuwa darasa la tatu nikalia kwa sababu ya hesabu za kugawanya, ulikaa nami na punje za mahindi mpaka nikaelewa. Sijasahau hata punje moja.

Binti yako,
Paulina

---

Mkonze
1 Februari 1998

Paulina mwanangu,

Barua yako ya Novemba imenifikia wiki moja baada ya Krismasi, imelowa na kukauka, ikakakamaa kama kigae. Tulisoma wote wawili kwa kuinamia dirishani. Huku Mungu ametupa mvua mpaka tukaanza kumwomba apumzike. Ukuta wa jikoni ulianguka, Mama Sila akaujenga upya mwenyewe kwa siku nne huku mimi nikimshikia tope. Mlenda umejaa kila mahali. Tunakula, tunashukuru.

Mpe salamu huyo Mjapani. Mwambie kwamba Mgogo mmoja wa Mkonze ameacha kulinda vijiti.

Sasa nikueleze ugumu ulipo, maana si wa sheria tena. Wewe unajua ilimba inavyokwenda. Kushoto huita, kulia huitikia. Nimepiga hivyo tangu nikiwa mchunga ng'ombe. Basi nikishika kishikio hiki, mikono inadhani ni ilimba. Mrushaji akiinua mguu tu, kidole changu cha kushoto kinaita: kinagusa kimsalaba, na mtu wangu anasogea pembeni kama aliyeona nyoka. Kisha nangoja kulia kiitikie. Nakituma kile kidole kama unavyomtuma mtu dukani, hujui atarudi saa ngapi. Mpira umepita, umedakwa, mrushaji ameshajifuta jasho, ndipo kidole kinafika na gongo linazunguka hewani peke yake. Mama Sila akipita na ungo wake anasema, "Umekaribisha wageni waliokwisha kuondoka." Hana zaidi ya hilo. Hakai, hatazami. Anasema mzee wa Kanisa hachezi na watu wa kwenye kioo.

Nilijaribu kuondoa kidole cha kushoto kabisa, nikakilaza mapajani. Kulia kikakosa wa kukiita, kikalala moja kwa moja. Nilijaribu kumwambia kidole aanze safari mapema, kabla mrushaji hajainua mguu. Akafika mapema mno, siku hiyo hiyo aliyerusha akarusha mpira wa taratibu, ule unaojikokota. Nimecheka peke yangu mpaka jogoo akachungulia.

Lakini usihuzunike, nina habari njema nimeiweka mwisho. Jumatano iliyopita niliupiga. Uliruka ukavuka ukuta, na wale watu wote wa kwenye TV wakasimama kushangilia. Nimeupiga tena Alhamisi. Kwa hiyo mambo yanakwenda, mwanangu, na yote kwa sababu yako.

Mjomba wako anayesonga mbele,
Obedi

---

Dar es Salaam
22 Februari 1998

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo, na ya tatu ni ya furaha!

Zaidi aliniletea barua yako kazini nikaisomea stoo, kati ya mablanketi, nikalia. Mwenzangu Yasinta aliingia akadhani nimefiwa. Nilimwambia mjomba wangu amevusha mpira ukuta, akanipima homa.

Mungu ni mwema. Sina la kukuandikia leo ila hilo. Niliogopa, Mjomba, sasa naweza kukwambia kwamba niliogopa.

Mama yake Silvano nimemjibu. Ni Jumamosi ya tarehe 25 Julai, mavuno yakiwa yamekwisha na barabara zimekauka. Nitatoka hapo Mkonze asubuhi, tutafunga ndoa kanisani mjini. Silvano ameshapeleka kadi kuchapwa, na nimemwambia aandike chini kabisa, "Bibi harusi atatolewa kwa ilimba ya mjomba wake." Ameandika. Nimeiona kwa macho yangu.

Nimemnunulia Mama Sila kitenge, atakipata kwa mkono wa Zaidi. Mwambie namshukuru kwa kukuvumilia na hizo kelele zote.

Mwanao mwenye furaha,
Paulina

---

Dar es Salaam
10 Mei 1998

Mjomba, shikamoo. Mpe shikamoo yangu na Mama Sila.

Ni miezi miwili na nusu sijapata neno lako. Mwanzo nilisema ni mvua. Lakini Zaidi amepita huko mara tatu na kila akirudi anasema umemwambia barua haijawa tayari. Mara ya mwisho ulimpa karanga badala ya barua. Tumezila, ahsanteni, ni tamu.

Kwa hiyo nimetoa barua zako zote nikazipanga kitandani kwa tarehe, nikazitazama kama ninavyotazama chati ya mgonjwa. Mjomba, kidole gumba kinachovusha mpira ukuta kinaweza kushika kalamu. Barua ya Februari ina herufi zile zile za Oktoba, zimelala upande ule ule, na wino umepakwa na kiganja cha mkono wa kushoto. Mimi ni muuguzi. Ningepaswa kuliona siku ile ile. Sikuliona kwa kuwa sikutaka.

Usiniombe msamaha, kwa sababu na mimi nina langu. Siku ulipotoka wodini daktari aliniita pembeni. Aliniambia kidole kikikaa miezi sita bila dalili, mara nyingi huwa hakirudi tena. Miezi sita ilikuwa Novemba. Nilipoandika kwamba nafasi ya karatasi imekwisha, nafasi ilikuwepo. Ule mchezo nilikununulia nikijua hivyo. Nilitaka tu uwe na kitu cha kukaa nacho, usiwe unaitazama ile ilimba ukutani kutwa. Halafu wewe ukasema umepiga, na mimi niliyejua nikaamini kuliko mtu yeyote.

Kadi zimeshagawanywa. Silvano anasema tunaweza kutafuta mpigaji mwingine, wapo, au redio. Nimemwambia tusubiri neno lako. Mimi nitatoka nyumbani kwako hata kwa kimya, Mjomba, wewe ukiwa umenishika mkono. Usijifiche tu.

Ninayekushukuru kwa yote, na hata kwa uongo ule, maana najua uliusema kwa ajili ya nani,
Paulina

---

Mkonze
24 Mei 1998

Mwanangu Paulina,

Tumeipokea barua yako. Huku hatujambo, karanga zimetoka vizuri, Mzee Bartolomayo ameahidiwa meno.

Ni kweli. Jumatano ile niligeuza kishikio juu chini nikapiga kwa kidole cha kushoto. Niliona aibu tangu watu wa kwenye TV walipoanza kushangilia. Kisha ukaja na tarehe, na kadi, na kitenge, na mimi kila nikishika kalamu nakuta hakuna sentensi ya pili. Nisamehe. Na la daktari nimekusamehe kabla hujalisema, kwa kuwa kidole ni changu, na mwenye kidole huambiwa na kidole chenyewe. Nilijua tangu Septemba. Nikawa nacheza ili wewe usijue, na wewe ukaleta mchezo ili mimi nisijue. Tumetunzana vizuri mno, tukachoka wote.

Sasa nikwambie lililotokea baada ya kusomewa barua yako, maana nililemewa nikampa Mama Sila asome kwa sauti. Alisoma mpaka mwisho. Akaikunja, akarudi kwenye karanga zake. Mimi nikawasha TV ili nisiongee. Nikatolewa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama Sila akasema kutoka mlangoni, "Unachelewa." Nikamwambia najua. Akasema, "Hebu sogea."

Akakaa kulia kwangu, na maganda ya karanga bado kwenye kanga, akaweka kidole chake gumba juu ya kile kitufe. Upande wa kushoto wa kishikio ukabaki wangu. Mwanzo nilimwamuru, "Sasa!" Kila nikisema sasa, mpira umepita. Nikamgonga goti, mambo yale yale. Mwishowe akaniambia, "Obedi, nyamaza. Wewe msogeze mtu wako, mimi nina macho." Nikamsogeza mtu nusu hatua. Mrushaji akainua mguu. Mama Sila hakupepesa, akauacha mpira uje, uje, akabonyeza. Paulina, mpira ule sikuona ulipoangukia. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na maji akidhani kuna mtoto amezaliwa.

Tulicheza mpaka betri ikafa. Ndipo akanyanyuka, akaishusha ilimba ukutani, akaifuta vumbi kwa kile kitenge chako kipya, akaiweka katikati yetu. Nikamuuliza unafanya nini. Akasema, "Ita."

Nikaita kwa kushoto. Akaitikia kwa kulia. Hakukosa chuma hata kimoja, mwanangu. Wimbo ule wa kumtoa binti, mwanzo mpaka mwisho, hata pale penye kona panaponikosesha mimi mwenyewe. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Miaka ishirini na sita unapiga nikitwanga. Ulidhani masikio yangu yalikuwa yanatwanga pia?"

Mimi siku zote nilidhani anavumilia kelele. Nimefundisha vijana wa kwaya, nimefundisha mpaka askari wa magereza, yeye sikuwahi kumwambia kaa hapa.

Ila lipo jambo, na ndilo linalonikosesha usingizi. Kwetu hapa mwanamke hupiga ngoma, na hakuna anayempita. Ilimba ni ya wanaume. Mzee Bartolomayo alipotusikia alikuja uani akauliza tangu lini. Wazee wa ukoo watakuwepo siku hiyo, na upande wa Silvano, na kadi imeandikwa ilimba ya mjomba. Mimi nacheka nikiwa nyumbani, lakini mbele za watu sijui kama nitaweza kuvumilia wamcheke yeye. Mama Sila anasema wakicheka meno yatawakauka. Wewe ndiye mwenye siku. Sema unavyotaka, tutafanya hivyo.

Mjomba wako, safari hii mkweli,
Obedi

---

Dar es Salaam
7 Juni 1998

Mjomba, shikamoo. Mama Sila, shikamoo nyingi.

Kwa kuwa Zaidi anasubiri nje na injini inanguruma, naandika jibu tu. Nataka iwe hivyo hivyo. Nataka mkae wawili mlangoni, ilimba katikati, nami nipite mbele yenu. Atakayeuliza tangu lini, mwambieni tangu Paulina alipotaka.

Silvano ameomba kadi zisibadilishwe. Anasema ilimba ni ya mjomba, haijaandikwa vidole ni vya nani.

Paulina

---

Dar es Salaam
5 Agosti 1998

Wapendwa wangu Mjomba na Mama Sila, shikamooni. Mbukwenyi, kama tulivyoamkiana pale uani.

Tumefika salama. Nyumba ni ndogo, ina dirisha zuri. Silvano amekwisha kutoboa ukuta mara mbili kwa ajili ya nyaya zake. Mama mkwe ananipenda, anasema nimekonda kwa siku kumi na moja tu, kwa hiyo ananilisha.

Nawaandikia kwa ajili ya kitu kimoja. Ninyi siku ile mlikuwa mmeinama, hamkuona. Mimi niliona, nikiwa nimesimama mlangoni na shela langu, nimeshikwa na dada zangu huku na huku.

Mlipokaa, watu walinong'ona. Niliwasikia. Mzee Bartolomayo alisema neno kwa sauti, wawili watatu wakacheka, na Mjomba niliona shingo yako ikikaza. Ukaita kwa kushoto mara moja, ukaacha. Nilidhani utasimama uondoke, na kwa kweli nilijiandaa kutoka bila wimbo. Mama Sila hakukutazama. Alingoja tu, kidole kimekaa juu ya chuma chake. Ukaita tena. Akaitikia. Mkaendelea.

Nilipita mbele yenu polepole kwa kadiri nilivyoweza, ili msimalize upesi. Wanawake waliokuja na ngoma walizishika kifuani bila kuzipiga, wakawa wanasikiliza, halafu wakaingia kwa pamoja pale penye kona, na vumbi likapanda. Mzee Bartolomayo, Mjomba, alicheza. Alicheza mpaka kofia ikaanguka, akaikanyaga, akaendelea. Shangazi yake Silvano aliniuliza njiani kama kwetu ndivyo ilimba inavyopigwa siku zote, na mume na mke. Nilimjibu ndiyo.

Nilitoka kama mama alivyotaka. Sina neno lililo kubwa la kutosha, kwa hiyo natumia lile lile dogo. Ahsanteni. Ahsante Mjomba kwa kuita mara ya pili. Ahsante Mama Sila kwa kungoja.

Mtoto wenu,
Paulina

---

Mkonze
16 Agosti 1998

Kwako Paulina,

Mimi Ruthu ndiye ninayeandika. Mjomba wako mkono umechoka, amekaa hapa kwenye kigoda anasema, mimi naandika yale ninayoona yanafaa. Nilisoma elimu ya watu wazima mwaka 1974 nikapata cheti, kwa hiyo usishangae.

Anasema hatujambo. Ni kweli. Anasema uwele umejaa ghalani. Umejaa kiasi. Anasema Sila anakuja Desemba na kwamba ni sajini. Ni koplo.

Anasema watu wawili wamekuja kuuliza kama tunaweza kwenda kupiga kwenye harusi ya binti yao huko Nzuguni. Nimewaambia tutafikiri. Tumeshafikiri, tutakwenda.

Anasema mrushaji wa kwenye TV sasa anatuogopa. Hapo ametia chumvi. Jana tulitolewa mara tisa, na sita kati ya hizo ni kosa lake, anamsogeza mtu akiwa anaongea. Lakini tunacheza kila jioni kabla sijasonga ugali, na siku betri ikiwa mjini kuchajiwa naona jioni ni ndefu. Usimwambie.

Anasema kidole chake asubuhi hii kilitikisika. Nimekiangalia, sikuona kitu. Nimeandika kwa kuwa amesema niandike.

Anasema anakushukuru wewe, na anamshukuru Silvano, na Zaidi, na yule Mjapani mwenye mpini wa deki. Yote hayo nimeyaandika.

Kisha nikadhani amesinzia, nikawa nataka kufunga bahasha. Akaniita kwa jina langu, si Mama Sila, akanishukuru mimi. Amesema mengi. Ameanzia mbali, mwaka tuliooana, ameendelea mpaka kwenye ukuta wa jikoni, na bado anasema, yuko hapa ananiuliza mbona kalamu imesimama.

Hayo sikuandikii. Ni yangu.

Ruthu